Jaketi jepesi la kuvaa baada ya kukimbia: sisi wa nyanda za baridi tuchague lipi?

Mpanda Loleza

Wakuu, heshima kwenu.

Juni inabisha hodi, na kwenye kundi letu la kukimbia hapa Mbeya swali la jaketi limerudi. Watu wanatumiana picha na kutajiana majina ya makampuni. Mwisho wake mtu ananunua jaketi la kupandia mlima wa theluji, analivaa juu ya tisheti iliyolowa, anapanda bodaboda kutoka Uyole mpaka Soweto ya hapa hapa mjini, na anashuka meno yanagongana. Nimeona niandike kwa kirefu, maana jambo hili lina sababu zake, na ukizijua hutahitaji mtu wa kukuchagulia.

Nazungumzia jaketi la aina moja tu: lile la kuvaa ukishamaliza kukimbia, jepesi, lenye kujazwa ndani, linalokunjika likaingia kwenye mfuko wake lenyewe, unalobeba kwenye kibegi cha mgongoni bila kulisikia. Jaketi la kukimbilia ni habari nyingine kabisa.

Tuanze na mwili. Mtu wa kilo 65 akikimbia kilomita 12 kwa saa anachoma takriban kilokalori 780 kwa saa, na zaidi ya robo tatu ya hizo hugeuka joto. Ndiyo maana unaweza kukimbia na singlendi asubuhi ya nyuzijoto 8 na bado ukachuruzika jasho. Ukisimama, baada ya muda mfupi mwili unarudi kwenye kilokalori 80 hadi 100 kwa saa. Jasho halisimami kwa kasi hiyo. Linaendelea kutoka, na lile lililokwisha kutoka liko kwenye nguo likingoja kukauka.

Sasa piga hesabu. Gramu moja ya maji ikikauka juu ya ngozi huondoka na kilokalori 0.58 hivi. Tisheti ya pamba iliyolowa vizuri hubeba gramu 200 bila shida. Hizo zikikaukia mwilini zinataka kilokalori 116, zaidi ya joto lote unalotengeneza kwa saa nzima ukiwa umetulia, na sehemu kubwa ya joto hilo inatoka kwako. Hakuna jaketi la gramu 300 litakaloziba pengo hilo. Kwa hiyo kabla hujauliza jaketi, uliza tisheti kavu. Kama hela yako inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua tisheti mbili za kubadilisha, jaketi lisubiri. Vua iliyolowa, jifute haraka na kitaulo, vaa kavu, ndipo uvae jaketi. Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo watu wengi wanapoharibu, halafu wanalaumu jaketi.

Jambo la pili ni upepo, na kwetu upepo una jina: bodaboda. Wengi wetu hatumalizii mazoezi mlangoni kwetu. Unamaliza barabarani, unapunga mkono, unakaa nyuma ya pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa. Kwa fomula ya baridi ya upepo ambayo Kanada na Marekani wanaitumia tangu 2001, nyuzijoto 10 kwenye upepo wa kilomita 40 kwa saa huhisiwa usoni kama nyuzijoto 6, na hiyo ni kwa ngozi kavu. Ngozi yenye jasho hali yake ni mbaya zaidi. Kwa hiyo kitambaa cha nje cha jaketi lako lazima kizuie upepo. Weka mdomo kwenye kitambaa, puliza kwa nguvu, na weka kiganja upande wa pili. Hewa ikipita kwa wingi, liache.

Nalisema hili kwa sababu siku hizi kuna majaketi mazuri sana yaliyotengenezwa yapitishe hewa, kama yale yaliyojazwa nyuzi ziitwazo Polartec Alpha, ambazo asili yake ni kazi ya wanajeshi wa kikosi maalumu wa Marekani wanaopanda na kushuka milima bila kupumzika. Ni majaketi ya mtu anayetembea. Kwenye boda utajuta.

Sasa ndani kunajazwa nini? Hapa ndipo pesa inapoliwa.

Kuna manyoya ya bata au bata bukini, yale laini ya kifuani yasiyo na kijiti katikati. Kuna pamba ya poliesta, nyuzi za kiwandani. Vyote viwili vinafanya kazi moja: kushika hewa isitembee. Hewa iliyotulia ndiyo inayokupa joto, jaketi ni chombo chake tu.

Manyoya kwa uzito wake hayana mpinzani. Ubora wake hupimwa kwa namba kama 600, 700, 800. Namba 800 maana yake ni kwamba aunsi moja, gramu 28, ikiachwa ijitanue inajaza inchi 800 za ujazo, ambazo ni lita 13 hivi. Ya 600 inajaza kama lita 10. Kwa hiyo jaketi la 800 linaweza kuwa jepesi kuliko la 600 na joto likawa lile lile. Kampuni ya Montbell ya Japani ina jaketi linaloitwa Plasma 1000 lenye uzito usiofika gramu 150. Ni kazi ya ajabu, nawapa heshima yao.

Shida ya manyoya ni maji. Yakilowa yanashikana mabonge, hewa inatoka, na unabaki umevaa vitambaa viwili vyembamba vyenye uji katikati. Mtu ataniambia: Juni yetu ni kavu, mvua iko wapi? Ni kweli. Lakini maji ninayoyaogopa yanatoka ndani. Umemaliza kilomita 15, mgongo unatoa mvuke, unafunga zipu mpaka kidevuni. Mvuke ule unapita bitana na kuingia kwenye manyoya, unakutana na baridi ya kitambaa cha nje, unageuka maji humo humo. Siku moja huoni kitu. Ukifanya hivyo asubuhi baada ya asubuhi bila kulianika vizuri, jaketi linaanza kulala na kunuka.

Pamba ya poliesta nyuzi zake hazinywi maji. Ikilowa inapoteza joto kiasi, lakini haisinyai kama manyoya, na ukiining'iniza kwenye kamba saa nne asubuhi, jioni unavaa. PrimaLoft, ambayo ni maarufu kuliko zote, ilitengenezwa miaka ya 1980 kwa ajili ya jeshi la Marekani, waliotaka kitu cha kuchukua nafasi ya manyoya kisichoshindwa na maji. Hiyo historia inatosha kukuonyesha ilikusudiwa nini. Jaketi la Patagonia Nano Puff, ambalo kwenye mitumba linaonekana mara moja moja, lina gramu 60 za PrimaLoft kwa kila mita ya mraba na jaketi zima la kiume ni kama gramu 340. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kulinganishia: kujazwa gramu 60 kwa mita ya mraba, uzito chini ya gramu 400. Gramu 40 ni nyepesi mno kwa anayepanda boda Julai. Gramu 100 na kuendelea ni jaketi la kukaa nalo jioni, halikunjiki likaingia kibegini.

Kasoro ya poliesta nayo niiseme. Kwa joto lile lile ni nzito kuliko manyoya, inachukua nafasi zaidi, na kila unapoibana inachoka kidogo. Manyoya yakitunzwa yanadumu miaka mingi, poliesta inaanza kulala mapema. Kwa hiyo ikunje wakati wa kubeba tu. Nyumbani itundike.

Saizi: chukua kubwa kidogo kuliko unayovaa kawaida. Linavaliwa juu ya nguo, na likikubana mabegani linaminya kile kilichojazwa, joto linakwisha hapo hapo. Liwe refu lifunike kiuno ukikaa kwenye pikipiki. Kofia iliyoshonwa kwenye jaketi mimi siitaki, kwa sababu helmeti haikai juu yake na inajaa upepo mgongoni. Kola ndefu inayofika kidevuni na kofia ya sufu ndani ya mfuko inatosha.

Kuna anayesema haya ni mambo ya kudeka, wazee walikimbia bila jaketi. Kwake nina habari moja. Tarehe 22 Mei 2021, mkoani Gansu nchini China, wakimbiaji 172 walianza mbio za milimani za kilomita 100. Wengi walikuwa na kaptula na tisheti. Jaketi la kuzuia upepo lilikuwa kwenye orodha ya vitu vinavyoshauriwa, halikuwa la lazima. Mchana hali ya hewa ikageuka, mvua ya barafu na upepo mkali, na wao wako juu kwenye mwinuko ambako gari halifiki. Watu 21 walikufa kwa kupoteza joto la mwili, wakiwemo wakimbiaji wa hali ya juu kabisa nchini mwao. Mchungaji wa kondoo, Zhu Keming, aliwaingiza sita kwenye pango alimojihifadhi na kuwawashia moto, wakapona. Waliokufa walikuwa na miguu imara kuliko yetu sote humu. Mtu anayekimbia ana joto mpaka pale anaposhindwa kuendelea, na hapo anahitaji kitu cha kuvaa kilichopo mkononi, si kilichobaki nyumbani.

Wanaopanda mlima wetu wa Loleza, zaidi ya mita 2,600, nawaomba mlibebe hata kama mnakwenda na kurudi.

Karibuni kwa maswali na michango. Wauza mitumba wa soko la Sido mko wapi?

Belo Namba Moja

Tupo kiongozi, na uzi umetulia.

Naongeza upande wa sokoni maana majaketi haya mengi yanakuja kwetu kwenye mabelo, na mteja anachagua kwa rangi. Jamani, geuza jaketi ndani nje utafute lebo ya ubavuni, upande wa kushoto chini ya kwapa mara nyingi. Ile ya shingoni ni jina la kampuni tu. Ya ubavuni ndiyo yenye siri. Ukiona "down 90, feather 10" ni manyoya laini asilimia 90 na yale yenye vijiti asilimia 10. Ikigeuka, "feather" ikawa nyingi, ni zito na linachoma. Likitoka Ujerumani litaandikwa "Daunen" na "Federn", likitoka Ufaransa "duvet" na "plumes". Ukiona "polyester 100" kila mstari, hiyo ni pamba ya kiwandani.

Lebo inaweza kudanganya, vidole havidanganyi. Bana kati ya kidole gumba na cha shahada, sugua. Ukisikia vijiti vidogo vidogo, ni manyoya. Ukisikia kitu kinateleza sawasawa kama karatasi nene, ni poliesta. Halafu likunje kiganjani ukaze, hesabu mpaka kumi, liachie. La manyoya zuri linapanda lenyewe. La poliesta linapanda polepole. Lisilopanda kabisa limekufa, usilinunue hata kwa buku mbili.

Liinue usawa wa jua. Utaona sehemu zilizojaa na zilizo tupu. Mabegani na juu ya mgongo ndiko kunakotobokea kwanza kwa sababu ya mikanda ya mabegi. Sehemu tupu mabegani ndiko boda itakapokupigia.

Zipu ipandishe na kuishusha mara kadhaa. Zipu mbovu kwenye kitambaa chembamba hivi fundi wengi hawaiwezi, sindano ya cherehani ya kawaida inaacha matundu na manyoya yanaanza kutoka. Nusa kwapani. Harufu ya ukungu kwenye manyoya haitoki. Na mwisho, mimi nina mzani mdogo wa kupimia viungo, mteja akitaka tunapima hapo hapo. Wachache wanaotaka, lakini wanaotaka ndio wanaorudi kushukuru.

Kitu kingine: majaketi mengi yaliyoandikwa majina makubwa si ya makampuni hayo. Usinunue jina. Nunua kile vidole vyako vilichokuta.

Dada wa Forest

Mleta mada, ubarikiwe. Hilo la kubadilisha tisheti ni rahisi kwenu wanaume. Sisi barabarani tunafanyaje? Nawaambia wenzangu ninavyofanya: kanga moja, naifunga shingoni iteremke mpaka magotini, nabadilisha kila kitu ndani yake, pamoja na sidiria. Sidiria ya mazoezi ndiyo inayolowa kuliko tisheti na ndiyo iliyo juu ya kifua, kwa hiyo ukibadilisha tisheti ukaiacha hiyo umefanya nusu ya kazi. Kanga baadaye naifunga kiunoni juu ya tights, mapaja yanapata nafuu kwenye pikipiki.

Majaketi ya kike kwenye mitumba yamekatwa mafupi na ya kubana kiuno. Mimi nachukua ya kiume saizi S.

Swali langu ni kufua. Nina la manyoya, nimepewa zawadi na shemeji yangu. Nikilifua linatoka mabonge na silielewi tena.

Mpanda Loleza

Dada, umenifundisha. La sidiria wala sikuwa nimelifikiria, na naomba kila mwanamke anayesoma alichukue.

Kufua la manyoya: maji ya vuguvugu, beseni kubwa, sabuni kidogo sana na isiyo kali. Usitumie dawa ya kulainisha nguo wala ya kung'arisha. Usilikamue kwa kulisokota. Libonyeze kwa viganja maji yatoke. Suuza mpaka maji yawe meupe kabisa, maana sabuni inayobaki ndiyo inayoshikanisha manyoya. Usilinyanyue kwa kola likiwa na maji, uzito unapasua kuta za ndani. Libebe kwa mikono miwili chini.

Kukausha ndiko kwenye kazi. Wenzetu wana mashine za kukaushia, wanaweka na mipira ya tenisi ndani ili ipigepige mabonge. Sisi tunalitandaza kivulini penye upepo, juu ya kitu chenye matundu, na kila baada ya saa kadhaa unapita na vidole unayachambua yale mabonge mpaka yalegee. Inaweza kuchukua siku mbili au tatu. Ukiona limekauka nje, ndani bado. Endelea siku moja zaidi. Mabonge yako yatafunguka, usilitupe.

La poliesta unafua kama nguo nyingine kwa mkono, bila pasi. Tofauti hiyo peke yake ilinitosha kuamua.

Kamariny254

Salamu kutoka Iten, Kenya, ndugu zangu. Nimesoma yote, na kuna mahali sikubaliani.

Hapa tuko mita 2,400, tunatoka saa kumi na mbili asubuhi. Mkimbiaji wa hapa hachezi na kupoa: akimaliza tu anatupa tracksuit na jacket juu, anatembea pole pole, anakunywa chai moto. Hiyo tunakubaliana. Lakini ukisema manyoya hayafai, hapana. Januari na Februari hapa hewa imekauka sana, jua linatoka mapema, jacket ya manyoya ukiianika ukutani saa tatu, saa sita iko tayari. Inakaa miaka. Nimeona za poliesta zikilala msimu mmoja tu kwa sababu mtu anaikunja kila siku.

Julai na Agosti mvua ikitupiga, hapo niko na wewe.

Mpanda Loleza

Karibu sana ndugu, na shikamoo kwa wakubwa wote wa Iten.

Hoja yako naipokea kwa sehemu. Hewa kavu na jua la uhakika vinaondoa nusu ya matatizo niliyoyataja. Sharti ni kwamba lianikwe kila siku, na mtu aliyevaa awe amebadilisha nguo kwanza. Mwanariadha anayekaa kambini ana muda huo. Wangu mimi ni mtu anayemaliza kukimbia saa moja kasoro, saa mbili yuko kazini, na jaketi linashinda limekunjwa ndani ya begi chini ya meza likiwa na unyevu wake. Kwa mtu huyo manyoya yanakufa. Kwa huyo nabaki na poliesta.

Mwana Tukuyu

Huku kwetu mjadala huo umeshaisha, Tukuyu mvua ni karibu mwaka mzima. Manyoya sahau. Ila nauliza: si lazima basi niwe na jaketi la mvua tena juu? Ninabeba mawili?

Mpanda Loleza

Ndiyo, kama unakimbia Rungwe beba mawili, na yote pamoja hayafiki gramu 600 ukichagua vizuri. Jaketi la kujazwa, hata lile linaloteleza maji, limetiwa dawa ya juu juu tu. Weka tone la maji: likisimama kama shanga, dawa bado ipo; likitandazika, imekwisha. Kwa manyunyu ya dakika kumi linakutosha, kwa mvua ya Tukuyu halitoshi.

Waandaaji wa UTMB, zile mbio za kuzunguka Mont Blanc, wanadai kila mkimbiaji awe na jaketi la mvua lenye kofia, na juu ya hilo nguo ya joto ya mikono mirefu isiyo ya pamba, isiyopungua gramu 180 kwa saizi M ya kiume. Wamezitenganisha kwa makusudi. Moja inazuia maji, nyingine inashika joto. Anayetafuta moja ya kufanya yote anaishia na zito, ghali, lisilokunjika.

Mnyakyusa wa Toronto

Ndaga fijo kwa uzi huu. Nami nichangie kutoka huku kwenye baridi yenyewe.

Januari hapa nakimbia kwenye nyuzijoto 15 chini ya sifuri siku nyingine. Kwenye baridi hiyo hewa ni kavu, theluji haikulowanishi, inapukutika. Hapo manyoya ni mfalme, sina ubishi. Linalonitesa ni Novemba na Machi, nyuzijoto 2 na mvua. Siku hizo nachukua la poliesta, na naona ndizo siku zinazofanana na Julai ya Mbeya au Njombe kuliko Januari ya huku. Kwa hiyo ndugu zangu mkitumiwa zawadi kutoka Kanada, mwambieni anayetuma alete lile la Novemba na Machi. La Januari litawachosha.

Wengine mnakumbuka Boston Marathon ya 2018: mvua, upepo wa usoni, nyuzijoto chache juu ya sifuri. Wakimbiaji wakubwa walijitoa njiani mmoja baada ya mwingine. Akashinda Yuki Kawauchi wa Japani kwa saa 2:15:58, na Desiree Linden wa Marekani upande wa wanawake akakimbia na jaketi mwilini. Siku ile baridi ilipanga matokeo kuliko kasi.

Nyongeza moja: kitambaa chembamba kinachanika. Msitie uzi na sindano. Kuna viraka vya kujigandisha vya nailoni, kata duara bila pembe, bandika nje na ndani. Kisipopatikana, hata selotepu pana inashika kwa muda manyoya yasimwagike.

Mama Wawili Iyunga

Samahani jamani, mimi siyo mkimbiaji, mume wangu ndiye. Mama mkwe anasema hiyo kupigwa upepo na jasho ndiyo inaleta kichomi, na anataka mwanawe aache kukimbia. Ni kweli?

Mpanda Loleza

Shikamoo yake mama uifikishe. Hofu yake ina msingi wa upendo na sehemu yake ni sahihi. Homa ya mapafu huletwa na vijidudu, upepo peke yake hauleti. Lakini mtu aliyepoa ghafla na nguo mbichi anatetemeka, misuli inakaza, anatumia nguvu aliyopaswa kuitumia kupona mazoezi. Mwenye pumu, hewa baridi inaweza kumbana kifua kweli kweli. Na mwenye selimundu, baridi ya ghafla ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha maumivu makali, kwa hiyo huyo azungumze na daktari wake kabla ya mazoezi haya ya alfajiri.

Mumeo akibeba tisheti kavu na jaketi, mama atakuwa amepata alichokitaka na yeye ataendelea kukimbia. Kama anapata homa, kikohozi na maumivu ya kifua akivuta pumzi, hapo aende hospitali siku hiyo hiyo.

Dada wa Forest

Nimelitandaza la shemeji kwenye kichanja cha vyombo kivulini tangu juzi, nalichambua asubuhi na jioni. Mgongoni limefunguka, mikononi bado.

Mpanda Loleza

Mikono ndiyo hukawia. Ligeuze ndani nje leo, lipate upepo upande wa bitana.

Belo Namba Moja

Wakuu, Jumamosi tunafungua belo la majaketi mepesi, saa moja asubuhi, Sido upande wa nyuma. Mzani nitakuwa nao. Mkija kundi zima niambieni kabla, nitenge yote ya "polyester 100" chini ya gramu 400 pembeni mchague wenyewe kwa vidole. Dada wa Forest, za kiume saizi S nakuwekea.